Ndege za Kubaki

Mwanzoni palikuwa na sanduku moja tu. Mwaka 1929 Edwin Link, mtu wa Binghamton katika jimbo la New York, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda, alichukua viriba na pampu za hewa za vinanda vile akaunda ndege ndogo ya mbao isiyoondoka chini. Mwanafunzi aliingia ndani, akafunikwa asione nje, akashika usukani, na lile sanduku likainama na kuyumba kadiri alivyoliongoza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia marubani kwa maelfu walianzia humo kabla ya kuonja hewa yenyewe. Sanduku lile halikuwa na orodha ya ndege za kuchagua. Aliyeingia alijua ameingia katika nini.

Kompyuta ndiyo iliyoleta orodha. Bruce Artwick wa Marekani alitoa programu yake ya urubani kwa kompyuta ndogo za nyumbani karibu na mwaka 1980, na mwaka 1982 kampuni ya Microsoft ikaitoa kwa jina lake. Mlikuwa na ndege moja ndogo ya Cessna na miji michache ya Marekani, basi. Lakini miaka ya 1990 ilipokuwa inakwisha, wapenzi wa mchezo huo duniani walikuwa wamekwisha kujua namna ya kuchora ndege zao wenyewe, kuzipaka rangi za shirika lolote walipendalo, na kugawiana bure. Kila mmoja aliongeza, na hakuna aliyepewa kazi ya kupunguza.

Matokeo ya ukarimu huo niliyaona mimi mwenyewe hapa Chiwanda, katika laptopu kuukuu ya mjukuu wangu anayesoma Songea. Anatumia toleo la mwaka 2006, kwa kuwa mashine yake haiwezi lile la 2020, ambalo siku lilipotoka lilitaka nafasi ya gigabaiti 150 hata kabla mtu hajaongeza lolote. Ndege za nyongeza alizokuwa nazo zilikuwa 214. Programu ilichukua muda mrefu kuamka, na orodha ilikuwa ndefu hata kuitafuta ndege aliyoitaka ikawa kazi kuliko kuirusha. Boeing 737 peke yake ilikuwa humo mara 41. Akaniambia, "Babu, wewe umefundisha historia. Nisaidie kuchagua za kutupa."

Mtu asidhani jambo hili ni la kitoto. Nilifundisha historia miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi ile ilikuwa kuamua nini kiachwe. Kitabu cha darasa la saba hakiwezi kubeba yote. Tofauti ni kwamba kitabu huja kimekwisha kupunguzwa na mtu usiyemjua, na hapa tulikuwa wawili mbele ya kioo, tukibishana wazi.

Nilianza kwa kumtaka anionyeshe ndege imewekwaje humo ndani. Kila ndege ina folda yake, na ndani ya folda hiyo mna folda nyingine ndogo: ya umbo, ya dashibodi, ya sauti na ya rangi. Pamoja nazo liko faili moja la maandishi linaloorodhesha rangi za mashirika ambayo ndege ile inaweza kuvaa. Hapo tukapata nafuu ya kwanza, maana zile 737 nyingi zilikuwa ndege moja iliyovaa kanzu tofauti, na kila kanzu ilikuja na mwili wake mzima. Tukabakiza mwili mmoja na kanzu tano, na nafasi kubwa ikapatikana.

Ugumu ulikuwa kwingine. Watengenezaji wengi, ili kupunguza kazi, hawaiwekei ndege yao sauti wala dashibodi. Huandika mstari mmoja tu unaoiambia programu ikaazime kwa ndege nyingine. Zaidi ya hapo, geji za dashibodi za ndege nyingi hukaa pamoja katika folda moja ya wote. Ukiifuta ndege unayoiona haina faida, kesho utapaa na nyingine usiyoigusa ukakuta injini zake ni bubu, au dashibodi ina matundu meusi mahali pa geji. Kwa hiyo kabla ya kuiondoa yoyote tulisoma kwanza mistari ile, kujua nani anaazima kwa nani. Tena hatukufuta. Tulihamisha folda nzima kuipeleka nje ya programu, katika diski ya pembeni, tukairusha ndege jirani yake, na tuliposikia injini zake zinalia vizuri ndipo tukaendelea.

Tukiwa katika kazi hiyo nikamsimulia habari za East African Airways.

Shirika lile lilianza mwaka 1946 na ndege sita za Dragon Rapide, za mbao na kitambaa, zenye mabawa mawili moja juu ya jingine. Likakua. Likapata DC-3, na mwaka 1957 Argonaut, kisha Comet 4 za jeti mwaka 1960, Fokker F27, na kuanzia 1966 Super VC10, ambayo kwa maoni yangu ni ndege nzuri kuliko zote zilizowahi kubeba bendera zetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilikuwa na DC-3, F27, Twin Otter, DC-9 na Super VC10 kwa wakati mmoja. Ndege za aina tano kwa shirika la ukubwa ule ni nyingi, kwa sababu kila aina hutaka vipuri vyake, mafundi wake na marubani waliofunzwa kwa ajili yake. Shirika nalo huweza kuwa na orodha iliyojaa kupita kiasi. Air Tanzania ya leo, iliyoanza kununua upya mwaka 2016 na Q400 mbili, imekwisha kuongeza Dreamliner, Airbus A220, Boeing 737 MAX na 767 ya mizigo, na wahasibu wake watajua wenyewe.

Mali ile ilikuwa ya nchi tatu, na hata usajili uligawanywa: ndege nyingine zilikuwa na alama ya 5H ya Tanzania, nyingine 5Y ya Kenya, nyingine 5X ya Uganda. Ila makao makuu na karakana kubwa za matengenezo vilikuwa Embakasi, Nairobi. Kwa lugha ya mjukuu wangu, ndege ya 5H ilikuwa na folda yake Dar es Salaam, na sauti iliazima Nairobi. Mapema mwaka 1977 shirika liliposimama, Kenya Airways ikaundwa Januari, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa Februari, na Air Tanzania ikazaliwa Machi 11. Sisi tulibaki na ndege chache, na karakana ikawa ng'ambo ya mpaka uliofungwa. Boeing 737 mbili zilikuja baadaye. Hesabu ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya ilimchukua msuluhishi Victor Umbricht wa Uswisi miaka mingi, na mapatano hayakutiwa sahihi mpaka Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Mpaka ulikuwa umefunguliwa miezi michache tu kabla ya hapo. Kijana alisikiliza, kisha akauliza kama hakuna aliyesoma mistari ile kabla ya kufuta. Nikamjibu kwamba waliisoma, na kila mmoja aliisoma kwa hasira yake.

Super VC10 za shirika zilikuwa tano. Moja, 5X-UVA, iliangukia Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 na watu 43 wakafa. Nne zilizobaki zilirudi Uingereza mwaka 1977, na Jeshi la Anga la huko likazigeuza kuwa za kujazia mafuta ndege nyingine angani. Zilifanya kazi hiyo mpaka Septemba 2013. Ya mwisho kabisa kuruka, katika VC10 zote duniani, ilikuwa ile iliyokuwa 5H-MMT yetu. Na 5H-MOG, iliyokuwa ya mwisho kutengenezwa kati ya zote 54, ilihifadhiwa Dunsfold. Kwa hiyo anayetaka leo kuiona VC10 ikipaa kutoka Dar es Salaam na rangi za East African hana mahali pengine ila katika kompyuta ya mtu kama mjukuu wangu. Yeye alikuwa ameiweka katika fungu la kutupwa, kwa sababu ni ya kizamani na dashibodi yake ina geji nyingi mno. Nilimwomba aiache, akaiacha bila ubishi. Naona alipenda mkia wake.

Baada ya hapo tulihitaji kanuni, maana huruma ya babu haiwezi kupangia ndege 214. Nikapendekeza kwamba ibaki ndege iliyowahi kubeba watu wetu, au iliyowahi kugusa ziwa letu. Akacheka kwa hilo la pili. Alidhani katika Ziwa Nyasa hatua kitu chochote isipokuwa korongo na mnandi, na wale wadudu wanaopanda juu ya maji kama moshi. Nikamwambia kwamba mwaka 1949 na 1950 ndege za Solent za BOAC, zenye tumbo kama la mashua na injini nne, katika safari zao kati ya Southampton na Afrika Kusini, zilikuwa zikitua Cape Maclear, kusini mwa ziwa hili hili, na abiria wakilala hoteli ya pale. Wavuvi wa huko walipisha mitumbwi. Huduma ile ilikoma mwaka 1950 kwa kuwa ndege za kutua nchi kavu zilikuwa zimeishinda kwa gharama na kasi. Solent haikuwa katika zile 214. Alikwenda kuitafuta, na kazi ya kupunguza kwa siku hiyo ikawa imeongeza.

Kanuni yetu ilifanya kazi vizuri mpaka tulipofika kwenye DC-4.

DC-3 haikuleta shida. East African walikuwa nayo, na tena baba yangu mdogo aliipanda. Miaka ya 1950 alivuka ziwa kwenda upande wa Nyasaland akaandikishwa Wenela, kama wazee walivyoliita lile shirika la kutafutia migodi ya Johannesburg wafanyakazi. Wenela walikuwa na ndege zao, na kituo chao kilikuwa Francistown, Bechuanaland, ambako watu walishuka wakapanda garimoshi. Alirudi na blanketi mbili na gramafoni, na habari aliyopenda kuirudia ilikuwa kwamba ndani ya ndege ile, ikiwa chini, unapanda mlima kukifikia kiti chako. Ndivyo ilivyo DC-3, mkia wake hukaa ardhini. Baada ya Uhuru serikali yetu ilikomesha watu wa Tanganyika kuandikishwa huko. Wa ng'ambo waliendelea, na Wenela wakawa na DC-4 za injini nne.

Tarehe 4 Aprili 1974 mojawapo ya hizo DC-4 iliondoka Francistown kuwarudisha nyumbani Malawi watu wa migodini. Katika matangi yake mafuta ya injini za pistoni yalikuwa yamechanganyika na mafuta ya jeti. Injini zilizimika muda mfupi baada ya kupaa. Wakafa 78 kati ya 84. Rais Banda akasimamisha uandikishaji, wakati ule watu wake waliokuwa Afrika Kusini wakiwa zaidi ya 100,000.

"Babu," akasema, "ya kwetu hiyo haipo. Hao ni Wamalawi, na wala haikutua ziwani." Kwa maneno ya kanuni alikuwa na haki. Nikamkumbusha kwamba bibi yake mzaa mama alizaliwa ng'ambo, kwamba usipa tunaokula huvuliwa na nyavu za pande zote mbili, na kwamba watu waliokuwa wanangojewa Aprili ile walingojewa katika lugha tunayoisikia hapa kila siku ya gulio. Akasema basi, kama undugu unahesabiwa, Concorde nayo ibaki, kwa kuwa kaka yake anaipenda. Tukapatana hivyo. Mwanasheria angetucheka.

Zimebaki 38. Zilizosalia ziko katika diski ya pembeni, kila moja katika folda yake yenye jina na mwaka, na akiitaka yoyote huirudisha kwa dakika moja. Programu huamka haraka. Rangi za Wenela hajazipata popote, na hataki kubuni. DC-4 yake kwa sasa ni nyeupe tupu, na jioni akiwa likizo huiondoa Francistown kwenda Chileka, Blantyre, safari ya saa tatu hivi. Kabla ya kuwasha injini hufungua ukurasa wa mafuta akaangalia matangi, ingawa katika programu ile mafuta hayawezi kuchanganyika.