ANA MIAKA MINGAPI? Historia ya mtoto aliyetenda kosa kubwa (Sehemu ya 3)



Sehemu mbili zilizopita tuliongelea ugomvi na wizi mdogo mdogo wa watoto. Wengi mkaniuliza: "Nesi, hayo ni madogo. Je, akiua? Akibaka? Akimchoma mwenzake kisu?" Na wengine mkajijibu hapo hapo: afungwe, asionekane tena. Nitajibu, lakini tupitie historia kwanza, maana hili swali hatukulianza sisi.

Kabla ya wakoloni, jamii nyingi za nyanda zetu hizi hazikuwa na gereza. Damu ikimwagika, ukoo wa aliyetenda ulikaa na ukoo uliofiwa, na mara nyingi mifugo ilitoka zizini. Haikuwa haki kamili jamani. Asiye na ndugu wenye mali aliumia zaidi. Ila mtoto hakusimama peke yake. Baba na wajomba walisimama naye, wakaona aibu naye, wakalipa naye.

Wakaja Waingereza na mahakama zao. Mwaka 1937 Tanganyika ikapata Sheria ya Watoto na Vijana. Ukiwa chini ya miaka 12 wewe ni mtoto, hufungwi. Kuanzia 12 hadi kabla ya 16 wewe ni kijana, unaweza kufungwa kama mahakama imeona hakuna njia nyingine inayofaa. Kwa wavulana viboko viliruhusiwa. Ukifika 16, basi, umeshakuwa mtu mzima mbele ya hakimu. Sheria hiyo tuliendelea nayo hata baada ya Uhuru. Hesabu mwenyewe: kutoka 1937 hadi 2009 ni miaka 72. Kijana wa kidato cha pili mwenye miaka 16 alihesabiwa sawa na baba yake.

Mwaka 1991 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, unaosema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Ilichukua muda mpaka Bunge lilipotunga Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009. Humo mambo yakabadilika. Mtoto ni chini ya 18. Hahukumiwi kifungo cha gerezani. Kesi yake inasikilizwa Mahakama ya Watoto, faragha, mzazi na afisa ustawi wa jamii wakiwepo. Kesi ya mauaji inakwenda Mahakama Kuu, lakini Kanuni ya Adhabu inakataza kumhukumu kunyongwa mtu aliyetenda kosa akiwa chini ya 18. Na umri wa kuanza kushtakiwa, ambao zamani ulikuwa miaka 7, leo ni 10. Kati ya 10 na 12 lazima ithibitishwe kwamba alijua anachofanya ni kosa.

Sasa asiyefungwa anapelekwa wapi? Kuna shule ya maadilisho. Kwa miaka mingi shule pekee ya aina hiyo Tanzania Bara imekuwa Irambo, na iko jirani zetu Mbeya. Kabla Songwe haijamegwa mwaka 2016, huo ulikuwa mkoa wetu. Pale mtoto anasoma, anajifunza ufundi, anarekebishwa tabia. Mbeya pia kuna mahabusu ya watoto, wanakokaa wakisubiri kesi.

Lakini sheria nzuri na maisha ni vitu viwili. Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilitoa ripoti ya ukaguzi wa sehemu wanakozuiliwa watoto. Ilikuta watoto wamefungiwa pamoja na watu wazima, na sheria ilikuwa imeshatungwa. Wanafikaje huko? Njia moja ni hii: mtoto hana cha kuthibitisha umri wake.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kama nesi. Historia yote hii inategemea swali moja: ana miaka mingapi? Mtu anapodai ni mtoto, mahakama inachunguza umri. Bila karatasi, daktari anaangalia meno na mifupa, anatoa makadirio. Makadirio yanaweza kukosea mwaka, hata miwili. Kwa kijana wa miaka 17 mwenye ndevu, mwaka mmoja ndiyo tofauti ya Irambo na gereza.

Na huku kwetu mpakani ni shida zaidi. Mama amejifungulia Nakonde, kliniki ameanzia Tunduma, bibi yuko kijijini Momba, kadi imelowa mvua. Mwaka 2013 RITA walianza mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Mbeya, na sisi tulikuwa ndani yake. Vyeti vilitolewa bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Waliosajiliwa siku zile ndio vijana wetu wa leo. Kama cheti kipo, kitunze. Kama hakipo, anza kufuatilia kesho, na ile kadi ya kliniki usiichome.

Najua mama mmoja hapa anasema: "Nesi, wewe unamtetea muuaji. Mama wa marehemu je?" Ana haki kuuliza. Mtoto wake hatarudi, awe aliuawa na mtu wa miaka 40 au 14. Na sheria hizi zote, ya 1937 na ya 2009, zimemwangalia sana aliyetenda. Mfiwa anabaki kuwa shahidi, akimaliza ushahidi anarudi nyumbani na nauli yake. Hapo wazee walituzidi: walimfuata mfiwa hadi mlangoni. Sheria ya sasa inaruhusu mahakama kumwamuru mzazi alipe faini au fidia, lakini kwenda msibani, kukiri na kuomba radhi hakuhitaji hakimu. Ukifanya hivyo hujamtetea mwanao, umesimama naye.

Wenzetu nao wamepita humu. Mwaka 1993 huko Liverpool, Uingereza, wavulana wawili wa miaka 10 walimuua mtoto wa miaka miwili. Walishtakiwa kwenye mahakama ya watu wazima, majina na picha zao zikatangazwa. Mwaka 1999 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema kesi ile haikuwa ya haki, kwa sababu watoto wale hawakuweza hata kuifuatilia. Mwaka 1994 huko Trondheim, Norway, wavulana wa miaka 6 walimuua msichana wa miaka 5. Majina yao hayakutangazwa, wakarudishwa chekechea wakiwa na wataalamu karibu. Umri haulingani, najua, na uchungu wa wale mama ni uleule. Ila mji mmoja ulitafuta wa kumchukia, mwingine ulitafuta wa kumlea.

Jibu langu sasa. Mtoto aliyetenda kosa kubwa awajibike. Asifichwe Nakonde kwa shangazi, asinunuliwe kesi. Lakini awajibike kama mtoto, pamoja na watu wazima waliomlea, kwa muda unaotosha kumbadilisha. Atatoka akiwa bado kijana, na atarudi mtaa huu huu. Tuamue tunataka arudi nani.

Sheria imechukua miaka 72 kusogea kutoka 16 hadi 18. Sisi mtaani bado. Wananchi wenye hasira kali hawaulizi umri. Wakishika tairi na mawe, mtoto wa miaka 13 ni mwizi tu. Wengine tunawapokea wodini na hawaongei tena. Ukiona kundi limemzunguka mtoto, piga simu polisi, mwite mwenyekiti wa mtaa, paza sauti: "Huyu ni mtoto!"

Na akikamatwa wako, usikimbie. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto. Omba afisa ustawi wa jamii aitwe. Peleka cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki siku hiyo hiyo, na sema wazi asiwekwe na wakubwa.

Sehemu ya 4 tutaongelea mtoto anaporudi nyumbani kutoka Irambo: shule itampokea? Majirani je? Mtumie post hii mama mwenye kijana wa miaka 12 na kuendelea. Usiku mwema.