Kuingoja Hilux Mpya

Mwezi wa Agosti 2004 Toyota walianza kutoa Hilux ya umbo jipya kule Thailand. Wakati huo mimi nilikuwa Kizwite, nimekwisha kudunduliza fedha za kununua ile ya umbo la mwaka 1997. Mdogo wangu akanizuia: "Kaka, subiri. Mwakani utapata ya kisasa."

Shauri lake halikuwa baya. Lakini mahindi yangu yalikuwa ghalani, na mvua za Ufipa huanza Novemba. Barabara ya Tunduma ilikuwa bado ya udongo. Lami ilikuja baadaye kwa msaada wa Marekani, katika mpango ulioanza mwaka 2008.

Nikamwendea baba. Mzee naye aliwahi kuingoja pikapu, tena miaka mingi, ila si kwa sababu ya umbo. Alingoja kibali na fedha za kigeni, vitu ambavyo mkulima wa kawaida hakuvipata. Bajeti ya mwaka 1984, chini ya Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, iliwaruhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa, na pikapu zikaanza kuingia nchini. Baba hakuwa na fedha nje. Alikuwa na maksai wawili.

"Mimi nilingojeshwa, mwanangu," alisema. "Wewe nani anakungojesha?"

Wiki iliyofuata nikanunua ile ile. Desemba, kabla hatujafika Laela, tope lilitushika. Nikaingiza gia ya magurudumu manne. Mdogo wangu alikuwa juu ya magunia, ameshikilia kamba, kimya.