Mwiba Usioondoka: Habari ya Mackay wa Usambiro

Aghalabu watu hudhani kwamba neema ya Mungu hujulikana kwa kuondoka kwa taabu. Mgonjwa akipona, husemwa kuwa amepata neema; asipopona, watu hunyamaza. Ufuko wa kusini wa Ziwa Viktoria, ambao leo wavuvi wa Kirumba mjini Mwanza huushukia kwa dagaa na sangara, una habari ya mtu ambaye taabu hazikumwacha mpaka kufa, wala hakukosa nguvu.

Alexander Mackay alizaliwa Uskoti mwaka 1849, akasomea uhandisi. Mwaka 1876 alitumwa Afrika ya Mashariki na Church Missionary Society pamoja na wenzake saba. Kabla ya safari aliwaonya wakuu wa chama kwamba huenda katika miezi sita wakasikia kuwa mmoja wao amekufa. Na onyo hilo lilitimia. Yeye mwenyewe homa ilimrudisha pwani. Desemba 1877 wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe. Mwaka uliofuata Mackay alifika Kagei, mashariki ya Mwanza, akaitengeneza mashua yao mbovu, na akaenda Ukerewe kuonana na Mfalme Lukonge, ambaye watu wake ndio waliowaua.

Novemba 1878 alifika Buganda, akakaa karibu miaka tisa akifundisha kusoma, akifua chuma na kupiga chapa vitabu. Januari 1885, katika enzi ya Kabaka Mwanga, vijana watatu wa Kikristo walichomwa moto. Mackay alijaribu kuwaokoa, akashindwa. Oktoba mwaka huo Askofu Hannington aliuawa Busoga, na mwaka 1886 wakauawa waumini wengi zaidi. Mwaka 1887 Mackay alilazimika kuondoka, akahamia Usambiro, kusini ya ziwa. Na huko, Machi 1888, Askofu Parker alikufa kwa homa.

Hata hivyo si haki kumfanya malaika. Alikuwa na ulimi mkali, na mabishano yake na mapadre wa Kikatoliki yaliongeza uhasama kati ya Wakristo wenyewe. Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wa mwilini, asiondolewe. Akapewa neema ya kuuchukua. Mwiba wa Mackay ulikuwa homa, tena upweke, tena tabia yake mwenyewe.

Neema hiyo haikukaa katika nyumba moja tu. Mwaka 1888 Mwanga alipinduliwa, akakimbilia kusini ya ziwa, na hatimaye akapata hifadhi kwa mapadre wa Bukumbi, karibu na Mwanza. Mfalme aliyewaua waumini alikula chakula cha waalimu wao. Mwaka 1889 Wakristo aliowatesa ndio waliompigania arudi kitini. Ni kweli kwamba siasa ilikuwa na sehemu yake katika jambo hilo. Lakini mlango wa Bukumbi ungaliweza kufungwa, wala haukufungwa.

Mwaka huo huo Stanley alipita Usambiro akamkuta Mackay kazini, akitafsiri Injili ya Yohana kwa Kiganda na kushughulika na ujenzi wa chombo cha kusafiria ziwani. Alipotakiwa arudi kwao apumzike, alijibu kwamba haukuwa wakati wa mtu kuacha zamu yake, akaomba watu ishirini waletwe kwanza. Hawakuwahi kumkuta. Tarehe 8 Februari 1890 alikufa kwa homa, umri wake miaka arobaini. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe.

Basi anayeipima neema kwa taabu zilizoondoka hataiona Usambiro. Homa haikupungua, makaburi hayakupungua, ulimi haukulainika sana. Kilichopatikana kila kulipokucha ni nguvu ya siku hiyo: ya kupanga herufi, ya kuranda ubao, ya kumzika mwenziwe na kurudi kazini. Mwenye mwiba usioondoka hahitaji nguvu ya miaka yote kwa mara moja. Hiyo ya leo humtosha kuifikia kesho.