Ruzuku za Norway kwa magereza ya Ulaya Mashariki: mfadhili akiondoka, nani atalipa?

Norway si mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Hata hivyo, kwa miaka mingi imekuwa ikitoa pesa za kurekebisha magereza na huduma za probesheni katika nchi za umoja huo, kama Romania, Latvia na Lithuania. Msomaji ana haki ya kuuliza: ya nini kugharamia wafungwa wa watu wengine?

Jibu limo katika mkataba. Norway, Iceland na Liechtenstein hufanya biashara kwenye soko la Ulaya kupitia mkataba wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya, ulioanza kutumika 1994. Nazo huchangia kupunguza pengo kati ya wanachama matajiri na wale wenye uwezo mdogo. Katika awamu ya 2014–2021, mchango huo ulikuwa yuro bilioni 2.8 kwa nchi 15, na karibu asilimia 97 ilitoka Norway. Magereza ni fungu moja tu, pamoja na afya, mazingira na utafiti. Kwa hivyo tusidhani ni sadaka.

Shida yenyewe ni kubwa. Latvia na Lithuania zilirithi kutoka enzi za Kisovieti mabweni ambamo wanaume wengi hulala pamoja, askari ni wachache, na mfungwa mwenye nguvu ndiye mtawala. Romania nayo, mwaka 2017, iliagizwa na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya itatue msongamano. Ikapitisha sheria ya kupunguza siku sita kwa kila siku 30 ambazo mfungwa alikaa katika hali mbovu. Wengi wakatoka mapema. Sheria hiyo ilifutwa 2019.

Hapo ndipo probesheni inapoingia. Anayetoka jela bila kazi, bila makao na bila mtu wa kumfuatilia, safari ya kurudi ni fupi. Ndiyo maana ruzuku hizi hazikuishia kwenye kuta. Latvia ilifungua kituo cha kutibu waraibu wa dawa za kulevya ndani ya gereza la Olaine mwaka 2016. Lithuania ilijenga nyumba za mpito, ambako mfungwa anayekaribia kumaliza kifungo huishi akifanya kazi nje. Pesa nyengine zilienda kwa mafunzo ya askari jela na maafisa wa probesheni.

Mafunzo hayo yanafuata mfano wa Norway, ambako afisa wa gereza husoma miaka miwili huku akilipwa. Walimu na madaktari hutoka katika huduma za kawaida za serikali, si waajiriwa wa gereza. Takriban mmoja kati ya watano huhukumiwa tena ndani ya miaka miwili. Lakini Norway yenyewe haina usafi wa malaika: mwaka 2019 mchunguzi maalumu wa bunge lake alikemea jinsi wafungwa wanavyofungiwa peke yao kwa saa nyingi.

Kwa kawaida ruzuku hulipa hadi asilimia 85 ya gharama, na nchi inayopokea hutoa 15. Mradi ukiisha, jengo hubaki. Mshahara wa mshauri wa waraibu na nauli ya afisa wa probesheni hurudi kwa hazina ya nchi, na hapo 15 hugeuka 100.

Jambo hili si geni kwetu. Tangu 2018, Umoja wa Ulaya umefadhili mpango wa PLEAD hapa Kenya, unaogusa mahakama na probesheni. Nguo ya kuazima haisitiri, walisema wahenga. Basi tukialikwa kwenye uzinduzi wa mradi kama huu, tusitosheke na kupiga makofi na kupigwa picha. Tuulize: mwaka wa kwanza baada ya mfadhili kuondoka, mshahara wa maafisa hawa umo katika bajeti ya nani?