Shekeli, frasila na momme: Jinsi ya kubadilisha vipimo vya kale kuwa kilo

Sikonge, mkoani Tabora, ni nchi ya asali na nta. Leo asali inauzwa kwa chupa, kwa ndoo na kwa kilo. Enzi za misafara iliyokwenda pwani, mzigo ulihesabiwa kwa frasila. Na ukifungua Biblia Jumapili unakutana na shekeli na talanta.

Je, vipimo hivi vinalinganaje? Na kwa nini mtu anayeuza ndoo ya asali anapaswa kujali?

Kanuni ni moja
Usibadilishe kipimo cha kale moja kwa moja kwenda kingine. Kipeleke kwanza kwenye gramu, kisha gawanya. Kikokotoo cha simu kinatosha kabisa.

Frasila: kipimo cha misafara
Pembe za ndovu zilipofika Zanzibar zilipimwa kwa frasila. Ngazi zake ni hizi:

• Wakia 1: takriban gramu 28
• Ratili 1: wakia 16, takriban gramu 450
• Mani 1: ratili 3
• Frasila 1: ratili 35 au 36, takriban kilo 16

Mbona 35 au 36? Wakia ilipimwa kwa uzito wa riale, ile sarafu ya fedha ya Maria Theresa yenye gramu 28.07. Ukihesabu mani 12 za ratili tatu tatu unapata ratili 36, yaani kilo 16.2. Waingereza wao waliihesabu frasila kuwa pauni zao 35, sawa na kilo 15.9. Kilo 16 iko katikati, na kwa hesabu za kawaida inatosha.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani kama kilo 32. Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi, na walibeba uzito huo begani hadi pwani, safari ya miezi kadhaa kwa miguu.

Shekeli na talanta: vipimo vya Waebrania
• Gera 1: takriban gramu 0.57
• Shekeli 1: gera 20, takriban gramu 11.4
• Talanta 1: shekeli 3,000, takriban kilo 34

Hiyo 3,000 inatoka kwenye Biblia yenyewe. Kutoka 38:25-26 inataja wanaume 603,550 waliotoa nusu shekeli kila mmoja. Jumla ni shekeli 301,775, na imeandikwa kuwa talanta 100 na shekeli 1,775. Toa hizo 1,775, gawanya kwa 100, unabaki na 3,000.

Cheki sasa: talanta moja inakaribia sana mzigo wa mpagazi mmoja. Imezidi kwa kama kilo 2 tu.

Momme na kan: vipimo vya Japani
• Momme 1: gramu 3.75
• Kin 1: momme 160, gramu 600
• Kan 1: momme 1,000, kilo 3.75

Hivi ndivyo vyepesi zaidi kubadilisha, kwa sababu sheria ya Japani ya 1891 ilivifunga na kilo moja kwa moja. Momme bado inatumika duniani katika biashara ya lulu. Shekeli moja ni karibu momme tatu.

Mfano: deraya ya Goliathi
1 Samweli 17:5 inasema deraya yake ilikuwa na uzito wa shekeli 5,000.

• Kwa kilo: 5,000 × 11.4 = gramu 57,000, yaani kilo 57
• Kwa frasila: 57 ÷ 16 = karibu 3.6
• Kwa kan: 57 ÷ 3.75 = 15.2

Kwa maneno mengine, Goliathi alivaa mwilini karibu mzigo wa wapagazi wawili.

Majina yanayodanganya
Jina moja linaweza kubeba uzito tofauti.

Wakia: Ukisikia bei ya dhahabu kwenye habari, wakia hiyo ni gramu 31.1, siyo 28.

Ratili: Katika Biblia ya Kiswahili ya Union, Yohana 12:3 inataja ratli ya marhamu. Hiyo ni ratili ya Kirumi, takriban gramu 327. Ya Zanzibar ilikuwa karibu gramu 450.

Frasila: Ethiopia bado wanaitumia kwenye kahawa, ila yao ni kilo 17.

Turudi kwenye ndoo ya asali
Kosa kubwa zaidi halihusu shekeli. Ni kuchanganya ujazo na uzito. Lita ni nafasi ndani ya chombo, kilo ni uzito wa kilichomo. Kwa maji, lita 1 ni kilo 1. Asali ni nzito zaidi: lita 1 ina takriban kilo 1.4.

Kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyojaa asali ina karibu kilo 28. Mrina asali akikubali ndoo hiyo ihesabiwe kuwa kilo 20, ametoa kilo 8 bure. Kwa ndoo nne, kilo zilizopotea ni 32: frasila mbili, mzigo mzima wa mpagazi.

Kabla ya kupatana bei, uliza: ni kwa lita au kwa kilo? Kama ni kwa kilo, pima ndoo tupu kwanza, kisha ipime ikiwa imejaa, halafu utoe. Ukiutilia shaka mzani wa mnunuzi, wenye kazi ya kukagua mizani nchini ni Wakala wa Vipimo.