Spika za paneli na sabufa: Namna ya kuzipatanisha kwenye chumba kidogo

Ukisikiliza mwimbaji kwenye spika za paneli, unaweza kudhani amesimama mbele yako. Kasheshe ni besi. Wengi huongeza sabufa, halafu wanaanza kulalamika kwamba besi "inachelewa", inavuma kivyake kama vile haimo kwenye wimbo.

Kabla hujaipeleka sokoni sabufa yako, jua hili: mara nyingi mwenye kosa ni chumba.

Spika za paneli ni zipi?

Badala ya koni ndani ya boksi, zina utando mwembamba sana unaotetema. Baadhi zinatumia umeme tuli, kama Quad ESL ya Peter Walker, iliyoingia sokoni Uingereza mwaka 1957. Nyingine zinatumia sumaku, kama za Magnepan, kampuni iliyoanzishwa na Jim Winey huko Minnesota, Marekani, mwaka 1969.

Kwa nini besi haitoshi?

Paneli haina boksi, hivyo inatoa sauti mbele na nyuma. Utando ukisukuma hewa mbele, nyuma unaivuta. Kwenye sauti nene, sauti ya nyuma inazunguka ukingoni na kuifuta ya mbele. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, sasa paneli yenye upana wa nusu mita italizuiaje?

Sabufa yenyewe inamwaga besi pande zote. Maana yake inaamsha hata kuta za pembeni ambazo paneli zilikuwa hazizigusi sana.

Chumba kinaingiaje hapo?

Kwenye chumba chenye urefu wa mita 4, sauti ya hezi 43 hivi inaenea sawasawa kati ya kuta mbili. Inagonga, inarudi, inajijenga. Upana wa mita 3 unafanya vivyo hivyo kwa hezi 57.

Noti hizo zinaendelea kuvuma hata baada ya mpiga gitaa kuacha, hasa kuta zikiwa za tofali au zege, kwa sababu besi haipati pa kutokea. Mvumo huo ndio watu wanaouita besi inayochelewa.

Kuna na upande wa pili. Ukiweka kiti katikati kabisa ya urefu wa chumba hicho, hiyo hezi 43 karibu huisikii.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu

1. Panga paneli kwanza. Zima sabufa. Sogeza paneli kama mita moja kutoka ukuta wa nyuma yake, nafasi ikiruhusu. Tafuta mahali ambapo sauti ya mwimbaji inakaa katikati. Kiti kisiwe katikati ya chumba wala kisigusane na ukuta.

2. Itafutie sabufa mahali pake. Iweke pale unapokaa kusikiliza, kisha piga wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka. Inama, tembea taratibu kandokando ya kuta. Pale utakaposikia kila noti kwa nguvu inayolingana, hapo ndipo sabufa iwekwe. Kona inatoa besi kubwa zaidi, lakini pia inaamsha mivumo yote ya chumba.

3. Chagua pa kukatia. Anza na hezi 60 hadi 80. Ukipandisha zaidi, sikio linaanza kugundua sabufa ilipo. Paneli ndogo zinahitaji msaada mapema, kubwa zinaweza kushuka chini zaidi. Kama amplifaya yako inaweza kuzizuia paneli zisipokee besi, tumia nafasi hiyo: zitapumua.

4. Linganisha fazi. Piga sauti moja ya masafa yale uliyokatia, ukae kwenye kiti, mtu mwingine abadili swichi ya fazi kati ya 0 na 180. Chagua upande unaosikika kwa nguvu zaidi. Umbali nao una hesabu yake: kila mita moja ni karibu milisekunde 3.

5. Sauti ya sabufa iwe ya mwisho. Anza sifuri, panda taratibu mpaka uanze kuisikia, kisha rudi nyuma kidogo.

Vipi kuhusu vipimo?

Programu ya Room EQ Wizard ni ya bure, na ukiwa na maikrofoni ya kupimia itakuchorea besi inavyopanda na kushuka kwenye kiti chako. Ukiona kilima, kipunguze kwa ikwalaiza. Ukiona shimo, usilijaze: utaichosha amplifaya bure, shimo libaki palepale. Dawa yake ni kusogeza kiti au sabufa, wakati mwingine sentimita 30 tu zinatosha.

Na kama bajeti inaruhusu, sabufa mbili ndogo kwenye kuta zinazotazamana, kila moja katikati ya ukuta wake, mara nyingi zinasawazisha besi kuliko moja kubwa.

Utajuaje zimepatana?

Zima sabufa katikati ya wimbo. Muziki ukipoteza mwili ghafla, na ilipokuwa imewashwa hukuweza kuonyesha kwa kidole besi inakotokea, kazi imeisha.