Bess Flowers, malkia wa waigizaji wa ziada

Bess Flowers alizaliwa Sherman, Texas, mwaka 1898, akaingia Hollywood mwaka 1923, enzi za sinema isiyo na sauti. Alipoacha kazi katikati ya miaka ya 1960, alikuwa ameonekana katika filamu ndefu zaidi ya 350. Ukijumlisha filamu fupi, wapo wanaohesabu zaidi ya 800. Hesabu hazilingani kwa kuwa filamu nyingi kati ya hizo hazikuandika jina lake. Studio za zama zile zilitaja waigizaji wakuu na wengine wachache tu, waliobaki wakapita bila kutajwa.

Waigizaji wa ziada nao walikuwa na madaraja. Tangu 1925 studio kubwa ziliwapata kupitia ofisi moja ya pamoja, Central Casting. Waliojaza mitaa, masoko na viwanja vya vita walilipwa ujira mdogo. Waliokuja na mavazi yao ya karamu, wanaume kwa suti na wanawake kwa magauni marefu, walilipwa zaidi. Huko ndiko Flowers alikojijengea jina. Alikuwa mrefu, mwenye mwendo wa kimadaha, na kabati lake la nguo ndilo lililokuwa mtaji wake: gauni la dansi, la harusi, la hoteli ya kifahari, la usiku wa tamthilia. Mwongozaji aliyehitaji mke wa tajiri kwenye meza ya pili alijua kwamba akimwita yeye hatahitaji fundi wa nguo.

Kazi yenyewe ilidai nidhamu kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwigizaji wa ziada hutakiwa kurudia tendo lilelile kila tukio linaporudiwa, ainue glasi wakati uleule, ageuze shingo upande uleule, na asimpokonye stelingi macho ya watazamaji. Flowers aliyaweza hayo kwa miaka arobaini, na mara kwa mara akapewa sentensi moja au mbili za kusema. Katika filamu fupi za vichekesho alipata nafasi pana zaidi: mwaka 1928 alikuwa mke katika We Faw Down ya Laurel na Hardy, na miaka kumi baadaye alicheza na Three Stooges.

Filamu tano alizoshiriki zilitwaa Oscar ya filamu bora: It Happened One Night (1934), You Can't Take It with You (1938), All About Eve (1950), The Greatest Show on Earth (1952) na Around the World in 80 Days (1956). Alfred Hitchcock naye alimtumia mara kadhaa, ikiwemo Rear Window (1954) na Vertigo (1958). Ni waigizaji wachache mno wenye majina makubwa wanaoweza kuonyesha orodha kama hiyo.

Mchango wake mkubwa zaidi, hata hivyo, haukuwa mbele ya kamera. Katikati ya miaka ya 1940 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Screen Extras Guild, chama cha kutetea ujira na masharti ya kazi ya waigizaji wa ziada, akawa mmoja wa makamu wake wa kwanza wa rais. Flowers alifariki Woodland Hills, California, Julai 1984, akiwa na miaka 85. Chama chake kilidumu hadi 1992, waigizaji wa ziada walipoingizwa katika Screen Actors Guild, chama kilekile cha mastaa.